Kutoka Lhasa hadi Rongbuk kwa gari: usiharakishe

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuondoka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, alfajiri na kulala Rongbuk, chini ya Everest, usiku huohuo. Nakusihi usifanye hivyo. Lhasa iko takriban mita 3,650 juu ya usawa wa bahari na Rongbuk karibu mita 5,000, ambako hata kufunga kamba za viatu humfanya mgeni aheme. Pumzika Lhasa siku mbili tatu, kisha ulale katika mji wa Gyantse, kwa sababu stupa yake (jengo takatifu la Kibudha) ya Kumbum, ya karne ya 15, inastahili nusu siku nzima ya kupanda ghorofa kwa ghorofa, ukitazama michoro ya ukutani na kuizunguka kwa kuiacha kuumeni kwako, kama mahujaji wafanyavyo. Halafu lala katika mji wa Shigatse. Kichwa kikiuma na ukaanza kutapika, teremka mara moja hadi mahali pa chini zaidi, usisubiri kupambazuke.