Ndiyo, nililipia kulala kwenye gari

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Sisi tulio ughaibuni tuna sababu gani ya kulipa fedha kwenda kulala kwenye gari porini, na nyumba tunazo?" Nilimsomea shemeji yangu swali hilo tukinywa chai, akajibu kabla sijamaliza: "Tumekimbia kulala na mbu, leo tuwalipie?" Wengi wetu hapa Atlanta tungejibu hivyo hivyo, na sina ugomvi nao. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya kisima halazimishwi kuona raha ya kuunga mpira wa maji kwenye bomba la kambi.

Lakini mimi nimelipia, na mwezi wa kumi nitalipia tena. Nilichokipata huko ni mji mdogo uitwao Plains, kusini magharibi mwa jimbo la Georgia, wenye wakazi wasiofika 600. Bila lile gari ningeendelea kuupita kwa mbali mpaka nizeeke.

Niwaeleze kwanza nilikotoka, maana jibu langu linaanzia huko. Nimekulia wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na utotoni nimeuza karanga stendi ya Kibaigwa, kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Basi likisimama tunakimbilia madirishani, sinia kichwani, karanga zimefungwa kwenye karatasi za daftari. Mkono unatoka, unapokea, unarudi ndani, basi linaondoka. Sikumbuki abiria hata mmoja aliyewahi kuniuliza pale petu panaitwaje. Miaka yote hiyo nimewatazama watu wakipita kwetu, na nilipofika Marekani nikawa mimi ndiye ninayepita kwa wengine.

Kwa miaka tisa tulikuwa tunaifuata barabara kuu ya I-75 kwenda Florida kumwona wifi yangu. Cordele, kama kilomita 230 kusini mwa Atlanta, tuliijua kwa pampu za mafuta na vyoo vyake tu. Wenyeji wameuita mji wao makao makuu ya tikitimaji duniani, na sisi hatukuwahi kununua hata kipande. Ukienda maili 70 kwa saa, kusini yote ya Georgia ni misonobari na mabango ya mawakili.

Septemba iliyopita mume wangu alipata likizo ghafla, tukakodi gari-nyumba, lile ambalo huku kila mtu analiita RV: mbele usukani, nyuma vitanda, jiko la gesi, friji, choo, na bafu la kutosha mtu mmoja akisimama wima. Tukaweka nafasi ya usiku tatu, Ijumaa hadi Jumatatu, Georgia Veterans State Park, kando ya ziwa Blackshear, magharibi ya Cordele. Ziwa hilo halikuumbwa pale. Mwaka 1930 kaunti ya Crisp iliuziba mto Flint ili ipate umeme wake yenyewe, maji yakatanda, na hadi leo kuna miti imesimama ndani ya maji kama watu waliokwenda kuoga.

Kuliegesha gari lile ni kazi. Lazima lisimame sawasawa, la sivyo friji yake ya gesi haipoi vizuri, kwa hiyo unapanga vibao chini ya matairi, unaweka pimamaji sakafuni, unatazama kiputo, unaongeza kibao. Tulimaliza jasho likitutoka. Mume wangu akawasha kiyoyozi, binti yangu akawasha mikrowevu, mimi nikachomeka birika, umeme wote ukakatika. Soketi yetu ilikuwa ya ampea 30, na kiyoyozi peke yake hula karibu nusu yake. Hayo nilielezwa na mzee mmoja mweusi aliyepiga kambi jirani. Alikuja na tochi, akanionyesha swichi ya kurudisha umeme, kisha akatufundisha jambo ambalo tuliokodi kwao hawakutuambia: siku ya kuondoka fungua kwanza tangi la choo liishe kabisa, ndipo ufungue tangi la maji ya kuogea na vyombo, ili maji yenye sabuni yausafishe mpira wa majitaka. Nilimwita "sir" kama ilivyo desturi ya Kusini mwa Marekani, naye akaniita "ma'am" ingawa ni rika la baba yangu.

Saa nne usiku kambi inatakiwa kunyamaza, na ilinyamaza kweli. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala, nimezoea kulala mchana na pazia zimefungwa, sikio moja kwenye simu. Usiku ule nilisikia vyura, nikasikia kitu kinaruka majini, basi. Niliamka jua limeshatoka. Mwanangu wa miaka minane alikuwa amekaa ngazini, anapuliza hewa kwa pembe ya mdomo kufukuza visubi wanaomwingia machoni. Alikuwa amewaona wenyeji wakifanya hivyo.

Kambi ile ilianzishwa mwaka 1946 kuwakumbuka askari wa vita, kwa hiyo penye nyasi kuna mizinga, ndege za vita na vifaru. Watoto walikimbilia kifaru. Mimi nilibaki nimesimama. Babu yangu, Mgogo wa Kongwa, alikuwa kijana Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa za Tanganyika, Kongwa ikiwa mwanzo, ili Uingereza ipate mafuta ya kula. Babu alikuwa akisema walileta vifaru vilivyogeuzwa matrekta, wakavifunga viwili viwili kwa mnyororo wa meli, wakauburuza porini kung'oa miti. Wajukuu tulidhani ni chumvi ya mzee. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba ni kweli: vifaru vya Sherman vya vita ya pili ya dunia vilibadilishwa kiwandani Uingereza vikawa matrekta. Sasa nilikuwa nimekiweka kiganja changu kwenye chuma cha kifaru, na chuma kilikuwa kimeshapata moto saa tatu asubuhi.

Jumamosi tulipanda treni ya SAM Shortline. Hili nawaomba mlizingatie ninyi mnaoogopa kuendesha gari kubwa kwenye njia za vijijini: treni inasimama hapo hapo kambini, unaacha gari lako limeegeshwa. Ni mali ya jimbo, mabehewa ya zamani, mwendo wa taratibu. Inapita Leslie, inapita Americus, na dirishani unaona pamba inaanza kupasuka, miti ya pikani, kokwa za huku, halafu mashamba ya karanga yaliyokwisha kung'olewa. Hayo unayajua kwa harufu kabla hujayaona. Ni harufu ya udongo uliofunuliwa na majani yanayonyauka. Nilisimama nikaenda mlangoni mwa behewa nikaivuta.

Plains ina safu moja ya maduka ya matofali, barabara, na reli. Stesheni yake ya mbao, iliyojengwa mwaka 1888, ndiyo iliyokuwa makao makuu ya kampeni ya Jimmy Carter mwaka 1976. Alizaliwa hapa mwaka 1924, akaiongoza Marekani, akarudi hapa, akafia hapa Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Amezikwa nyumbani kwake kando ya mkewe Rosalynn, ambaye naye ni mzaliwa wa pale pale. Wengi wetu tunamjua kwa vita dhidi ya mnyoo wa Guinea, ambao Uganda, Kenya na Kongo sasa zimethibitishwa kuwa hazinao. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtoto huyu, akiwa na miaka mitano, alikuwa akiuza karanga za kuchemsha kwenye mtaa huu huu mmoja.

Karanga za kuchemsha! Miaka tisa Marekani nilidhani chakula hicho kiliishia Kibaigwa. Huku Kusini wanazichemsha mbichi na maganda yake kwa saa nyingi, chumvi tele, na wanaziuza kando ya barabara zikiwa moto ndani ya mfuko, maji yanachuruzika. Nilinunua mfuko, nikabinya ganda moja, maji ya chumvi yakaruka hadi kidevuni, na punje ikatoka laini kama maharage. Binti yangu aliniuliza kwa nini nalia. Nilimwambia nitamweleza tukifika kambini, na nilimweleza.

Treni inaishia Archery, mwendo mfupi magharibi ya Plains, kwenye shamba alilokulia Carter tangu mwaka 1928. Nyumba ile haikuwa na maji ya bomba hadi mwaka 1935, wala umeme hadi mwaka 1938. Wanangu wamezaliwa Georgia, na nimewasimulia kuhusu kisima mara nyingi bila kuona kama yanawaingia. Pale walitulia kisimani kuliko walivyowahi kutulia kwenye simulizi zangu.

Najua kuna swali ambalo shemeji hakulisema mbele ya watoto: je, familia nyeusi iko salama kulala vijijini Kusini? Sitalikwepa. Mzee jirani yetu ni mtoto wa Americus. Jumamosi usiku, tukiota moto, alitusimulia Julai ya mwaka 1963, wasichana weusi wa mji wake, wengine wa miaka 12 tu, walipokamatwa kwa kutaka kukata tiketi mlango wa mbele wa jumba la sinema, uliotengwa kwa weupe. Walifungiwa kwenye jengo bovu huko Leesburg kwa wiki nyingi bila mashtaka, wazazi wao hawajui waliko. Mzee alikuwa na miaka kumi wakati huo, na anawakumbuka dada zake wakubwa wakikatazwa kutoka nje. Pia alitutajia shamba la Koinonia, karibu na Americus, ambapo tangu mwaka 1942 Wakristo weupe na weusi waliishi na kulima pamoja, wakapigwa risasi, wakasusiwa na wafanyabiashara, hawakuondoka. Wale waliokuja kuanzisha Habitat for Humanity, shirika la kuwajengea nyumba wasio na uwezo, hapo Americus mwaka 1976 walipitia Koinonia, na walikuwa wameshajaribu ujenzi wao Mbandaka, Kongo. Majirani zangu wa Clarkston waliotoka Kongo hawakuamini nilipowaambia.

Basi jibu langu ni kwamba tulilala salama, tulisalimiwa na kila mtu, na sikuambiwa nisahau chochote. Mtu anayepita kwa gari habebi hadithi kama zile. Husimuliwa anayelala, kwa sababu moto huwashwa jioni.

Mkiamua kwenda, wekeni nafasi mapema, maana mbuga za jimbo la Georgia hupokea maombi hadi miezi 13 kabla, na wikendi hujaa. Tulipokwenda, maegesho yalikuwa dola 5 kwa siku. Nendeni baada ya Agosti, joto limepungua kidogo na karanga ziko shambani. Chukueni dawa ya wadudu.

Jumapili, baada ya ibada, mzee yule alitupakia kwenye pikapu yake hadi kwa mkulima anayefahamiana naye. Shamba lilikuwa limeng'olewa siku mbili kabla. Mashine hupita chini ya mzizi, inautikisa mmea, inaugeuza, unalala chali, karanga juu, zinakaushwa na jua kabla ya mashine ya pili kuja kuzipukusa. Mistari ilienda mpaka macho yakachoka. Mkulima aliniruhusu kuokota shina moja, nikawaonyesha watoto: ua likishachavuka, kikonyo chake hurefuka, huinama, hujichimbia ardhini chenyewe, na karanga hukulia gizani. Ndiyo maana mmea huu hautaki udongo mgumu. Kongwa mvua ilipokatika, udongo wa mfinyanzi ulikauka kama tofali, karanga zikabaki ndani, majembe ya mashine yakavunjika. Mwaka 1951 Waingereza walikuwa wameuacha mradi, zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea, na babu akarudi kwenye mtama wake. Pale kwetu bado wapo wanaodhani ni watu waliokuwa wavivu.

Nilimpigia mama simu ya video. Kongwa ilikuwa saa mbili usiku, alikuwa amekaa barazani na taa. Nilimwonyesha mistari, nikamwonyesha watoto, nikamtajia kifaru. Aliuliza jambo moja: "Udongo wake ukoje?" Niliinama nikachota konzi, mwekundu, wenye mchanga mwingi, nikaubana, kisha nikafungua vidole mbele ya simu. Ulimwagika wote kama unga. Mama hakusema kitu, alisogeza tu uso karibu na kioo.

"Umwage tena," akasema. "Ngoja nimwite mjomba wako aone."