Nyumba uliyopanga kiangazi, ipige picha kabla ya mvua

Nyumba nyingi hapa Mbeya ukizikagua Agosti utazipenda. Bati halijaonja maji ya maana tangu Mei, kuta zimepigwa rangi juzi, na dalali anakukimbiza eti kuna mwingine njiani na hela mkononi. Mvua zikishika Desemba ndipo unaijua nyumba yako, na kodi ya miezi sita umeshalipa.

Nimepanga Iyunga, nikahamia Soweto, sasa nipo Uyole. Siku hizi nikikabidhiwa funguo, godoro haliingii ndani kabla sijapita kila chumba na simu. Sihangaiki na rangi iliyobabuka, hiyo si kesi. Naangalia dari, pembe za kuta, chini ya sinki, nyuma ya choo, vitasa, na namba za mita ya maji na ya umeme (LUKU). Dari ndiyo ya kuichunguza zaidi. Doa la kahawia lililopakwa rangi nyeupe juu yake huwa halifichiki kabisa: mulika tochi kwa ubavu, utauona ukingo wake. Picha hizo mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa WhatsApp, kwa adabu, umwambie ndivyo ulivyoikuta.

Ufa ukutani una kazi yake. Picha ya ufa peke yake haioneshi kama ni mdogo au mkubwa, kwa hiyo weka sarafu ya shilingi 200 kando yake. Kisha kwa penseli weka alama pale unapoishia na uandike tarehe. Ufa ukivuka alama, huna haja ya kubishana na mtu kama unakua au haukui.

Bili ya maji ikipanda bila sababu, funga koki zote usiku, piga picha mita, na asubuhi kabla hujafungua chochote piga tena. Namba zikisogea, kuna bomba linavuja mahali usipopaona.

Tatizo likitokea, mpigie mwenye nyumba simu kwanza, huo ndio ustaarabu wetu. Ila simu ikikatwa tu, andika mlichoongea. Mimi huandika hivi: "Shikamoo mama. Kama nilivyokueleza kwa simu, dari la chumba cha watoto linavuja tangu jana jioni, karibu na taa. Umeme wa chumba hicho nimezima. Naomba utume fundi, au uniruhusu nimlete mimi gharama tukatane kwenye kodi." Hiyo sentensi ya mwisho usiiruke. Ukitengeneza kwa hela yako bila jibu la maandishi, risiti ya duka la vifaa vya ujenzi haitakusaidia sana. Utaambiwa nani alikutuma.

Wapo watakaosema unamtafutia mama wa watu kesi. Sioni hivyo. Mwenye nyumba wangu mmoja alikuwa anaishi mbali, na zile picha ndizo alizomwonesha fundi wake kabla hajapanda gari. Ikifika kwenye ubishi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iko upande wako kwenye mambo makubwa: ukipanga sehemu tu ya jengo, paa na kuta za nje ni jukumu la mwenye nyumba kuzitunza. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na uende na mkataba na ujumbe wako ukiwa umepangwa kwa tarehe. Atakusikiliza haraka kuliko yule anayekuja na hasira tupu.

Fundi akimaliza, piga picha tena, lakini usiandike "imepona" hadi mvua kubwa ipige. Kwangu walipaka lami kwenye misumari ya bati, tukashukuru, na mvua iliyofuata doa likahamia upande wa pili wa taa. Nikatuma picha mpya yenye tarehe mpya, chini ya ule ujumbe wa kwanza.