Uliza Kwanza Nani Anasimulia

Wanafunzi wa fasihi ninaowafunza hapa Kisumu wana pupa ya maudhui. Hadithi haijaisha, tayari wameandika "usaliti" pembezoni mwa daftari. Mimi huwarudisha nyuma: anayesimulia ni nani, na amesimama upande gani?

Tuchukue ngano ya Luanda Magere, shujaa wa vita wa Waluo, ambayo watoto wa Kano, nyanda zilizo jirani na Kisumu, huisikia mapema. Mwili wake ni mgumu kama mwamba, mikuki ya adui zake Wanandi haimwingii. Wanandi wakamwoza binti yao. Siku moja Luanda akaugua, akamwambia bibi huyo achanje kivuli chake badala ya mwili ili ampake dawa. Damu ikatoka kivulini. Bibi akatoroka na siri hiyo hadi kwao, na vita viliporudi Wanandi wakakichoma kivuli kwa mkuki. Luanda akaanguka, akageuka jiwe.

Darasani nikiuliza huyo bibi ni mtu wa aina gani, jibu huja kwa pamoja: msaliti! Haya, msaliti wa nani? Hebu isimulie ngano hiyo hiyo ukiwa Kapsabet, juu ya vilima tunavyoviona kutoka Kano. Binti kaozwa kwa adui, kaishi ugenini, karudi na siri ya kuwaokoa ndugu zake. Hakuna tukio lililobadilika, ila msimulizi amehama ng'ambo. Tena angalia kilichoachwa: katika masimulizi niliyokua nayo, Luanda ana jina, ana ukoo, ana jiwe la kuonyeshwa wageni. Bibi ni "yule Mnandi" tu. Kunyimwa jina pia ni msimamo.

Zoezi ninalolipenda ni kuandika usiku ule wa kuchanja kwa nafsi ya kwanza, bibi mwenyewe akisema "mimi". Aya moja yatosha. Ukishaulizwa binti huyo aliogopa nini, hutaweza tena kumfunga kwa neno moja.

Kwa hadithi zilizoandikwa kuna mtego mwingine: "mimi" wa hadithini si mwandishi. Mwandishi anaweza kumpa usukani mlevi wa mtaa wa Kondele anayejigamba, "Mke wangu hakosi kitu," kisha katika aya inayofuata mke huyo anakopa unga kwa jirani. Mwandishi hajatia neno lake hata moja, lakini ndiye aliyeyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, na hapo ndipo mtazamo wake unapoonekana.

Nafsi ya tatu nayo isikulaghai kwamba haina upande. Hata msimulizi maizi, anayeweza kuingia moyo wa yeyote, huchagua mioyo ya kuingia. Hesabu mioyo hiyo ni ya nani, na nani anatazamwa kwa nje tu.

Na katika mtihani, tafadhali, maneno ya mlevi usiyaandikie "mwandishi anasema". Andika "msimulizi anadai", kisha utaje ule unga.