Miaka minane nikiisikiliza shaghalabaghala

Mleta uzi kauliza ni albamu gani ya roki ya ala tupu uliyoitupa kando, halafu miaka baadaye ikarudi kukunasa. Yangu naijua bila kufikiri, na aibu yake naijua pia: The Snow Goose ya Camel, bendi ya Uingereza. Ilitoka 1975.

Nilipewa na binamu yangu, mtu ambaye akianza kuongelea solo za gitaa tafuta kabisa pa kukaa. Alinichomea kwenye sidii moja ya MP3 pamoja na albamu nyingine kibao. Nikakopi kwenye kompyuta, nikabonyeza, nikakaa nikimsubiri muimbaji. Wapi! Vipande vitatu, vinne, hakuna anayeimba, na kila wimbo unakatika ghafla kama umeme. Nikaamua huu ni muziki wa kukuliwaza ukiwa umewekwa kwenye foleni ya simu. Kwa miaka minane niliirudia labda mara tano, na hukumu ilikuwa ileile: ala zinapigwa vizuri, ila kitu chenyewe hakina kichwa wala miguu.

Sasa juzijuzi nilikuwa nahamisha mafaili kutoka diski ya zamani, nikaikuta folda ile. Mafaili 15. Sijui nini kilinituma nikatafute orodha ya nyimbo kama ilivyo kwenye santuri. Zipo 16.

Nikaweka orodha mbili sambamba, ndipo nikaelewa nimefanya nini. Majina ya mafaili hayakuwa na namba, kwa hiyo kompyuta iliyapanga kwa alfabeti. Wa kwanza kwangu ulikuwa Dunkirk (wimbo wa vita), wa pili Epitaph (maneno ya kaburini). Maana yake vita vinapiganwa na marehemu anaombolezwa kabla hujatambulishwa kwake! Rhayader Alone ukatangulia Rhayader Goes to Town. Na yule wa 16? Albamu inafunguliwa na The Great Marsh na kufungwa na The Great Marsh. Majina mawili yaleyale kwenye folda moja, faili moja likalifuta lingine. Nilikuwa na mlango mmoja tu wa nyumba, nao uko karibu na mwisho wa orodha.

Kwa wasioijua hadithi ambayo albamu hii inaifuata: imetokana na kitabu kifupi cha mwandishi Paul Gallico. Rhayader ni mchoraji mwenye kibyongo anayeishi peke yake kwenye mnara wa taa kando ya vinamasi vya Essex. Binti aitwaye Fritha anamletea bata bukini aliyejeruhiwa. Wanamtibu, anaruka, anarudi. Halafu 1940 Rhayader anaondoka na mashua yake ndogo kwenda kuokoa askari waliokwama vitani Dunkirk, pwani ya Ufaransa, na harudi.

Usiku ule nikaisikiliza kwa mpangilio wake, dakika 43 hivi, taa nimezima. Jamani. Muimbaji niliyekuwa namsubiri alikuwepo muda wote, ni ile filimbi ya Andrew Latimer, mpiga gitaa wa bendi. Wimbo wa Rhayader una melodia nyepesi, ya mtu anayetembea taratibu na mawazo yake. Baadaye, ndege akishahama, inakuja Rhayader Alone: melodia ileile, ila sasa Peter Bardens, mpiga kinanda wao, anaipiga kwenye piano ya umeme, polepole, kama mtu anayezungukazunguka ndani ya nyumba ambamo kuna kitu kimepungua. Hakuna neno hata moja, na unajua kabisa kilichotokea. Lakini ili ujue, lazima uwe umeshaisikia ile ya kwanza. Mimi nilikuwa nazisikia zikiwa zimegandana, moja baada ya nyingine, nikadhani wameishiwa ubunifu!

Vilevile ile mikato ya ghafla haikuwa yao. Nyimbo nyingi zimeunganishwa, moja inaingia ndani ya nyingine. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa inazichinja.

Kuna wanaosema okestra aliyoipanga mtunzi David Bedford imetia sukari nyingi. Hapa na pale nakubali. Ila kwenye Dunkirk, pale mpiga ngoma Andy Ward anapoanza na ngoma za gwaride na vyombo vingine vinapanda juu yake kidogo kidogo, siondoi hata noti moja.

Na huu ukimya wa maneno una kisa. Mashairi yalikuwepo kwenye mpango wa mwanzo, Gallico akapinga. Ndiyo maana jalada likalazimika kusema ni muziki uliochochewa tu na hadithi hiyo. Kwa maoni yangu alituokoa bila kukusudia. Ukimweka mtu aimbe kwamba Rhayader ana upweke, umeshaharibu.

Latimer aliirekodi upya 2013. Sauti ni safi zaidi, lakini Bardens alishafariki 2002, na mimi naona pengo lake. Anza na ya 1975. Zima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo, na usiiweke huku unaosha vyombo, angalau mara ya kwanza.

Nilimpigia binamu kumweleza yote haya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Namba zilikuwepo, mdogo wangu. Mimi ndiye nilizifuta, majina yapendeze."