Sindano za vishimo vya makalio: maswali kutoka Tanga

Shoga yangu wa Ngamiani ameambiwa kuna sindano ya Marekani inayoondoa selulaiti, yaani vishimo vya ngozi. Ni kweli?
Ilikuwapo. Iliitwa Qwo, nayo iliidhinishwa huko Julai 2020 kwa vishimo vya makalio ya wanawake watu wazima, mapaja hayakuwemo. Desemba 2022 watengenezaji wake, Endo, walitangaza kuacha kuizalisha, maana damu ilivilia mno chini ya ngozi na wengine walibaki na madoa ya muda mrefu. Anayemuuzia leo aulizwe kaitoa wapi. Ile ya kweli ilikuwa unga wa kukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, si kwenye mkoba.

Ilifanyaje kazi?
Ngozi ya makalio imefungwa kwa nyuzi ngumu zinazopita katikati ya mafuta. Kwa wanawake nyingi zimesimama wima: mafuta yanasukuma juu, nyuzi zinavuta chini, ndipo panabonyea. Dawa ilikuwa kimeng'enya cha kuzilainisha nyuzi hizo. Vishimo viliwekewa alama mgonjwa akiwa amesimama, kwani akilala vinapotea. Kisha alilala kifudifudi, akachomwa mara 12 kila kalio, mililita 0.3 kila mchomo. Sindano ikageuzwa pande tatu, 0.1 kila upande. Akabaki vivyo hivyo dakika 5 angalau. Mizunguko mitatu, siku 21 kati yake. Kimeng'enya hicho kilidhuru pia vishipa vidogo vya damu, ndiyo sababu ya wekundu na weusi ule.

Mwanangu anaolewa wiki mbili zijazo. Achome sindano ya kuyeyusha mafuta?
Hapana, mama. Asidi ya deoksikoliki, dawa ya kuyeyusha mafuta, imeidhinishwa Marekani kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Pajani inaweza kuleta uvimbe, mabonge, hata ngozi kufa. Mafuta yakiyeyuka kwa mafungu, mabonde yanazidi na nyuzi ziko palepale. Michanganyiko isiyo safi huingiza vijidudu: wiki kadhaa baadaye hutokea vipele vya usaha vinavyotaka antibiotiki kwa miezi. Singo itamng'arisha ngozi bila kuzifikia nyuzi, lakini angalau haimpeleki wodini siku ya kuingia ndani.

Na sindano za kujaza vishimo?
Ile ya kalisiamu haidroksilapatiti iliyozimuliwa huchochea kolajeni, protini inayoikaza ngozi, hivyo ngozi iliyolegea hukaza kidogo baada ya miezi. Kishimo kirefu kilichovutwa na uzi hakijai kwa hiyo.

Nikikubali, niangalie nini?
Chupa ifunguliwe mbele yako. Soma jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, uliza usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mchomaji awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwambie kama unatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukiona wekundu unaotanuka, joto na homa, nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Usirudi kwa aliyekuchoma akakukande.