Re: Travian (mchezo wa vita mtandaoni) – kwa nini katapulti zangu (mashine za kubomoa majengo) za kabila la Teutons hazipigi nilikolenga?

Ndugu, ghala ulilolenga limepona kwa sababu ya sherehe ya pombe uliyoanzisha kwenye kiwanda cha pombe. Kiwanda hicho hujengwa makao makuu tu, na wakati wa sherehe kila ngazi yake huongeza nguvu ya kushambulia asilimia 1. Ulinzi hauongezeki hata kidogo. Lakini sherehe ikiendelea, katapulti hupiga jengo lolote bila kulenga, na chifu (anayeteka kijiji kwa kushusha utiifu wake) hushusha utiifu nusu tu ya kawaida. Hapo ndipo wengi huumia.

Kwenye seva ya kasi ya kawaida, sherehe ya pombe hudumu saa 72: ukianza Ijumaa saa 3 usiku hapa Mombasa, itaisha Jumatatu saa 3 usiku. Machifu wafike baada ya hapo, na kijiji wanakotoka kiwe na sherehe kubwa ya ukumbi wa mji (hiyo ni sherehe nyingine), ili washushe utiifu zaidi.