Toti kwanza, mzinga baadaye: kwako unayetaka singo molti ya pipa la ramu

Wewe wa Nakuru, usitume hizo pesa bado. Umeandika kwamba muuzaji amekuhakikishia singo molti (wiski ya shayiri iliyooteshwa, ya kiwanda kimoja) iliyomaliziwa, yaani iliyolazwa muda wake wa mwisho, kwenye pipa la ramu ina "utamu wa Karibiani", na unataka kumpelekea mjomba wako mzinga mzima siku ya sherehe yake ya kustaafu. Umeuliza kama inafaa, na kama inywewe na barafu au na soda mbele ya nyama choma. Mimi niko Kisumu, na maneno hayo niliambiwa hayo hayo, karibu neno kwa neno. Nimeyasoma damu ikanichemka.

Chupa yangu niliipeleka Muhoroni kwa baba mdogo. Yule mzee amekula mshahara wa kiwanda cha sukari mpaka nywele zikawa nyeupe. Mtu wa Muhoroni humfundishi harufu ya molasi, inakupokea barabarani kabla hujaona bomba la moshi. Na ramu nyingi duniani hutokana na molasi hiyo hiyo, inachachushwa kisha inakenekwa. Kwa hiyo nilimwambia kwa madaha yote niliyoazimwa na muuzaji: baba, leo utasikia ndizi mbivu, nanasi na sukari nguru ndani ya wiski.

Akaizungusha glasi polepole. Akaingiza pua, akatulia, akanusa tena. "Mwanangu, hiyo ramu iko wapi?"

Nikanusa na mimi. Vanila ilikuwepo. Tufaha bichi lilikuwepo, asali kwa mbali, na harufu ya ubao uliorandwa jana. Mdomoni ikaingia nyepesi, ikachoma kidogo ubavuni mwa ulimi kama pilipili manga, ikatoweka kabla hujaweka glasi mezani. Tukaongeza matone ya maji, maana wakati mwingine maji huifungua wiski. Hii ilizidi kufifia. Nanasi pekee nililoliona jioni ile lilikuwa kwenye sahani ya matunda. Ni wiski mbaya? Hapana, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Ilikuwa wiski ya kawaida, safi, isiyo na kosa, ambayo ningeipata kwa pesa kidogo sana kama lebo isingetaja pipa la ramu. Niliilipia zaidi ya elfu tisa.

Sasa sikiliza, maana muuzaji hatakueleza haya. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski yao ya mahindi, ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Pipa likishatumika, halipokei bourbon tena, linauzwa. Mengi huenda Scotland, mengine huenda Karibiani kulaza ramu. Wiski yenyewe basi kwa kawaida imelala miaka mingi kwenye pipa lililokuwa la bourbon, halafu inahamishiwa pipa la ramu ambalo mara nyingi nalo lilianza kwa bourbon. Mti ni ule ule na vanila ni ile ile. Kipya ni ile ramu kidogo tu iliyonywewa na mbao. Kama ilikuwa ramu nyepesi, au pipa limeshatumika na kurudiwa, kinachobaki cha kukupa ni kidogo mno. Na hakuna anayemimina ramu humo ndani: Scotch, yaani wiski ya Scotland, hairuhusiwi kuongezewa chochote ila maji na karameli ya rangi. Sukari haimo.

Halafu muda. Namba kwenye lebo ni jumla ya miaka ambayo wiski changa kuliko zote iliyomo imekaa mapipani, haikuambii ilikaa muda gani kwenye pipa la ramu. Glenfiddich ya miaka 21, singo molti ya Scotland ambayo nayo humaliziwa kwenye mapipa ya ramu, hukaa humo miezi michache tu ya mwisho. Wenye kiwanda wanaojua kazi wanaweza kufanya mengi kwa miezi hiyo, sikatai. Lakini wewe ukisimama kaunta huwezi kujua kama chupa iliyo mbele yako ni ya hao au ni ya waliopitisha wiski kwenye pipa ili lebo ipate jina.

Na nguvu yake uliitazama? Yangu ilikuwa asilimia 40, kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inaruhusu. Wiski za nguvu hiyo mara nyingi huchujwa kwa baridi, yaani hupozwa kwanza ndipo zichujwe, zisifanye ukungu, na baadhi ya mafuta yanayoipa uzito ulimini huishia kwenye chujio. Balvenie Caribbean Cask ya miaka 14, nyingine ya pipa la ramu, iko asilimia 43. Ukikuta ya 46 ambayo lebo inasema haikuchujwa kwa baridi, angalau una sababu ya kusogea karibu.

Yule muuzaji sijamsamehe. Aliinua chupa kwenye taa akaniambia, "Ona rangi, hiyo ni ramu inaonekana." Rangi! Karameli inaruhusiwa kisheria, rangi haithibitishi kitu. Nilimuuliza yeye mwenyewe ameionjaje, akanisomea maneno ya nyuma ya kasha kana kwamba ni ya kwake. Mtu anayeuza kitu cha bei ile bila kukionja, halafu anamwapia mteja, anamwibia mchana kweupe. Na ukirudi kulalamika anakwambia ulimi wako haujazoea vitu vizuri. Ulimi wa baba mdogo haujui utamu wa muwa? Jamani.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda baa ya hoteli yoyote kubwa pale Nakuru mjini yenye singo molti kwenye rafu, uliza ile unayoitaka kwa toti. Mzinga wa mililita 750 una toti 25 za mililita 30. Hata baa ikikutoza mara tatu ya bei ya dukani kwa toti hiyo, umelipia sehemu ndogo tu ya chupa na umeokoa zilizobaki. Agiza na toti ya pili, singo molti ya kawaida ya pipa la bourbon, ikiwezekana ya umri ule ule. Mwambie mhudumu azilete kwenye glasi zinazofanana bila kukwambia ipi ni ipi. Usitie kitu. Ziache kwanza zipumue, nusa zote mbili, onja ndogo ndogo, kunywa maji katikati, rudia.

Ukishindwa kusema ipi ilipita kwenye pipa la ramu, mjomba wako naye hataweza, na hiyo bei ya ziada ibaki mfukoni mwako. Ukiitambua bila kubabaika, na ukaipenda, nunua hata kesho.

Muuzaji akikwambia imebaki chupa moja na kuna mtu ameshaiulizia, mwache huyo mtu aichukue. Onja wikendi hii, halafu andika hapa hapa jina la chupa, asilimia yake na ulichokisikia puani kabla hujalipa. Nitakujibu siku hiyo hiyo.